Steringi Hafi

Sinema niliisikia miaka mitatu kabla sijaiona. Kibanda cha video cha kaka yangu kilikuwa Maganzo, si mbali na mgodi wa almasi wa Mwadui, na msichana hakuingia humo. Hapakuwa na tangazo mlangoni. Ilijulikana tu. Msichana aliyeonekana akitoka kibandani jioni alikuwa amekwisha kupachikwa jina kabla hajafika kwao. Basi mimi nilikaa nje, mgongo kwenye ukuta wa mabati, beseni la karanga mapajani, nikauza na kusikiliza. Kiingilio kilikuwa shilingi mia mbili. Mimi niliangalia bure, kwa masikio.

Utaniuliza, ndugu msomaji: mtu anawezaje kupenda picha asiyoiona? Anaweza sana. Miaka ile picha nyingi zilizotufikia zilikuwa zimetafsiriwa. Huko Dar es Salaam walikuwapo akina Lufufu na DJ Mark, ambao kazi yao ilikuwa kuweka Kiswahili juu ya Kiingereza, Kihindi na Kichina. Na hawakutafsiri tu, walieleza. Walikwambia adui amejificha wapi, walimcheka, walimtukana, na pale ambapo mwenye picha alisahau kutia utani wao walitia. Kwa waliokaa ndani labda lile lilikuwa kero. Kwangu mimi wa nje mtafsiri ndiye aliyekuwa picha yenyewe. Nikisema leo kwamba nataka kuandika riwaya, mwalimu wangu wa kwanza si wa shuleni, ni sauti ile iliyopita kwenye bati.

Ila kuna mahali hata mtafsiri alinyamaza: gitaa lilipoingia. Nakumbuka jioni moja waliweka Terminator ya pili, ile ya 1991. Mtoto anapanda pikipiki na rafiki yake, redio yao inapiga, na bati la mgongoni kwangu likaanza kutetemeka. Sikujua kwamba ule ni muziki wa roki, wala kwamba wale ni Guns N' Roses. Sikuelewa neno hata moja. Nilijua tu kwamba kuna mtu amekasirika na ana haki ya kukasirika. Kwetu tulikuwa na ngoma za Kisukuma, Bongo Fleva na kwaya za kanisani, na zote nazipenda, lakini zote zilikuwa na maneno ya kuniambia niwe mtu wa namna gani. Gitaa lile halikuniambia kitu. Tangu hapo nilikuwa nasubiri mwisho wa picha, majina yanapopanda, maana ndipo wimbo unapopigwa mzima. Na kila mara kaka alizima deki palepale steringi alipomaliza kazi, awahi kuingiza watu wa zamu inayofuata. Tuligombana kwa ajili hiyo kuliko kwa ajili ya jambo lolote lingine.

Sasa niseme maoni yangu, atakayekasirika akasirike. Picha bora kuliko zote kwa mtu wa Kishapu ni picha la kauboi. Vumbi, ng'ombe, wezi wa ng'ombe, serikali iko mbali, mtu anakuja peke yake na silaha. Hilo mtafsiri wa nini? Hapa Usukumani wazee waliochoka kuibiwa mifugo walijiundia sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa pinde na mishale, na hakuna aliyewapigia gitaa. Sergio Leone, Mtaliano, alitoa The Good, the Bad and the Ugly mwaka 1966, na muziki akamwachia Ennio Morricone: mluzi, gitaa la umeme, na sauti za watu wanaolia kama mbweha. Nilipokuja kusoma kwamba jangwa lile la Marekani kwa kweli ni Uhispania, nilicheka peke yangu. Kumbe nao waliazima vumbi la watu. La kwetu lingewatosha na kubaki.

Picha la kininja, ukiwa nje ya ukuta, ni watu wanaotwanga kisamvu. Bruce Lee anisamehe. Baadaye niliiona Enter the Dragon ya 1973 kwa macho yangu nikatubu, lakini nusu tu.

Picha la kichawi silitaki. Wenzangu wanaona ni burudani: bibi kizee anageuka paka, mchungaji anakemea, basi. Lakini sisi ni watu wa Shinyanga. Hapa bibi kizee aliyekuwa na macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka hamsini aliweza kukatwa mapanga kwa sababu ya macho yale, na wenzetu wenye ualbino walitafutwa kama wanyama. Mimi nimesikia kibanda kizima kikishangilia bibi anachomwa, kisha nikawaona walewale wanatoka wanaelekea majumbani, walikokuwa na bibi zao. Sijui sinema inafundisha nini, na wataalamu wabishane, ila mtu anayeandika picha la namna ile kwa ajili ya Kanda ya Ziwa afikirie mara mbili.

Na Kihindi? Hapo ndipo ubishi ulipokuwa, na ubishi wenyewe ulihusu Sholay ya 1975. Kwenye Sholay wako wawili, Veeru na Jai, na Jai anakufa. Ana sarafu yake anayoirusha kila wanapotaka kuamua jambo, na akishakufa ndipo mwenzake anagundua kwamba sarafu ina upande mmoja pande zote mbili: Jai alikuwa anajichagulia mwenyewe. Watu walitoka kibandani wamegawanyika. Kama Jai amekufa, basi steringi alikuwa Veeru. Lakini Jai ni Amitabh Bachchan! Amitabh anawezaje kutokuwa steringi? Kaka alisimama mlangoni akatoa hukumu: "Steringi hafi. Aliyekufa hakuwa steringi." Akaenda kutia mafuta kwenye jenereta.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na aliitumia kwa kila kitu. Timu ikifungwa, steringi hafi. Pamba ikikosa bei, steringi hafi. Nilipofeli hesabu: "Dogo, ulishaona wapi steringi anakufa katikati ya picha?"

Mara ya kwanza sheria ile kuvunjika ilikuwa Aprili 7, mwaka 2012, alipofariki Steven Kanumba. Kanumba alizaliwa Shinyanga, mwaka 1984. Huyu hakuwa Amitabh wa mbali, alikuwa mtoto wa nyumbani aliyekwenda Dar es Salaam akawa yeye ndiye steringi, akacheza hadi na Wanigeria, na amekufa ana miaka ishirini na minane. Wiki ile kaka aliweka picha za Kanumba tupu, na akina mama wakaja. Walikuja na kanga zao na watoto mgongoni, wakaingia bila kuulizana, na mimi nikaingia nyuma yao na beseni langu. Ndivyo nilivyoona sinema kwa mara ya kwanza. Kioo chenyewe kilikuwa kidogo, nilichokisikia kwa miaka mitatu kilikuwa kikubwa kuliko hapo. Wanawake walikuwa wanalia na Kanumba anacheka. Nikamwangalia kaka. Alikuwa amesimama karibu na deki, rimoti mkononi, na picha ilipoisha hakuzima. Aliacha majina yapande mpaka juu.

Niwe mkweli kuhusu picha zetu za Bongo: nazipenda kama ninavyompenda ndugu anayenikopa. Zina nyumba nzuri, magari mazuri, na kinanda kinacholia dakika tano mtu akipokea simu mbaya. Nani aliwaambia kwamba huzuni ni kinanda? Nchi hii ilikuwa na magitaa. Miaka ya 1970 Dar es Salaam kulikuwa na Sunburst, vijana waliochanganya roki na mambo ya Kiafrika. Sahani yao ya Ave Africa ni ya 1976, ikatolewa upya 2016, na nilipoisikiliza kwenye simu niliona aibu kwamba nilikuwa nadhani roki ni mali ya Terminator.

Simu ndiyo iliyoua kibanda, simu na visimbuzi. Mwaka 2015 kaka aliuza deki na televisheni, jenereta akalibakiza. Mwaka uliofuata aliondoka nalo kwenda upande wa Geita, kwenye dhahabu, na vijana wengine watatu wa hapa. Kwenye machimbo madogo mwenye jenereta ni mtu. Lakini haikuchukua muda akaacha kukodisha jenereta akaanza kushuka mwenyewe kwenye duara, kwa sababu wanaoshuka ndio wanaogawana mawe. Mama akamkataza kwa simu. Alimjibu anavyojua kujibu.

Kuna picha la Jamaika la mwaka 1972, The Harder They Come, ambalo siwezi kuliangalia mara mbili. Jimmy Cliff ni kijana wa shamba aliyekuja mjini. Anaingia sinema, wanaonyesha Django, steringi amezingirwa, na mtu aliyekaa naye anamtuliza kwa sheria ileile ya kaka yangu, kwamba bado ni mapema mno kwa steringi kufa. Yaani Kingston nako! Niliruka kitandani. Kisha mwishoni kijana yule, ambaye sasa anatafutwa na polisi, anawatokea ufukweni kana kwamba yuko ndani ya picha na watu wanamwangalia.

Wanampiga risasi.

Duara la kaka liliporomoka usiku. Nilikuwa kidato cha tatu. Walikuwa watano chini, walitolewa wawili wazima, na yeye hakuwa mmoja wao. Sitaeleza zaidi hapa.

Baada ya msiba sikuweza kuangalia picha, nikabaki na muziki. Na ndipo nilipogundua jambo ambalo pengine mnalijua: kwenye roki ndio hasa steringi hufa. Hendrix miaka ishirini na saba, Janis Joplin ishirini na saba, Kurt Cobain ishirini na saba. Wapenzi wa roki wanasikiliza marehemu mchana kutwa na hawaoni ajabu. Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, wa mwaka 1946, alikufa London mwaka 1991 akiwa na miaka arobaini na mitano. Miaka mitano kabla yake bendi yake ya Queen ilikuwa imetia nyimbo kwenye picha moja inaitwa Highlander. Hiyo ni picha ya steringi ambaye kweli kabisa hafi, ameandikiwa asife mpaka akatwe kichwa. Na adhabu yake ni kwamba mkewe anazeeka mbele yake, anakuwa bibi, anafia mikononi mwake, na yeye bado kijana. Hapo ndipo Freddie anapoimba, kuhusu kuishi milele. Niliiangalia usiku, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba kuna mtu aliyeifikiria sheria ya kaka mpaka mwisho wake, akaiogopa.

Nikaanza kuandika. Riwaya yangu ni ya kijana wa Maganzo anayekwenda kwenye dhahabu, na sura ya kumi na moja anakufa. Nimeiandika kwenye madaftari manne. Walioisoma ni wachache, na wote wananitaka nimfufue. Mmoja, aliyekuwa rafiki wa kaka, mmoja wa wale wawili waliotolewa, alinirudishia daftari la nne akaniambia: "Mdogo wetu, huyu tulishamzika. Unamzika mara ya pili kwa faida ya nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza Jai na sarafu yake.

Nilikwenda kujitetea kwa Rambo. Msicheke. David Morrell aliandika kitabu mwaka 1972, na katika kitabu Rambo anakufa. Walipokuja kutengeneza picha ya 1982 walipiga kabisa mwisho ambao anakufa, watazamaji wa majaribio hawakuupenda, basi akaachwa hai. Akaishi hadi picha ya tano, akaishi hadi kwenye mifuko yetu ya sokoni, ambayo watu waliita rambo mpaka mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019. Kama angekufa kama alivyotaka mwandishi, nani angemkumbuka? Lakini mwandishi alijua kitu alipomuua, na kitu hicho hakimo kwenye picha ya pili wala ya tatu. Nilizunguka hapo mwezi mzima. Nikaandika mwisho mwingine, kijana anatoka shimoni asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Ni kurasa nzuri. Nilizichukia.

Mwishowe nilimsomea mama. Hajui kusoma vizuri, na riwaya si kitu chake. Nilimsomea jioni tatu, tukimenya karanga, na jioni ya tatu nikamsomea mwisho wa kwanza, wa kifo, kwa sababu sikuthubutu kumdanganya. Aliendelea kumenya. Nilipofunga daftari aliuliza jambo moja tu:

"Alikula kabla hajashuka?"

Nikatafuta. Nikapekua sura ya kumi yote, na ya tisa. Nilikuwa nimeandika tochi, kamba, jenereta, mwezi, hata mbwa wa mwenye duara. Chakula sikuandika.

Sasa nimerudi sura ya kumi. Nimemwekea michembe ya kuchemsha na karanga, na chai ya rangi kwenye kikombe cha bati. Anakula polepole. Wenzake wanamwita, naye anawaambia wasubiri.