Mtu wa Mizani

Katika klabu yetu ya gokati mimi ndiye mtu wa mizani. Mbio zikiisha, gari lililotoka uwanjani haliendi popote kabla halijapita kwangu. Dereva hubaki kitini na kofia yake kichwani, wenzake hulisukuma gari hadi juu ya mizani, nami husoma namba na kuiandika kwenye daftari. Gari na dereva wake kwa pamoja wasipungue kilo 155. Wakipungua, matokeo yanafutwa, hata kama dereva ameshinda kwa nusu mzunguko.

Sikujiunga na klabu ili nipime watu. Nilijiunga ili niendeshe. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, mgeni Kampala, na binamu yangu alinipeleka Jumapili moja kutazama. Baadaye niliendesha mara tatu. Mara mbili nilimaliza wa mwisho, na mara ya tatu nikaingia ndani ya ukuta wa matairi, wakanitoa watu wanne. Mwenyekiti wetu, mama mwenye duka la vipuri ambaye sauti yake haihitaji kipaza sauti hata injini zikiwa zinanguruma, hakunicheka. Alinipa daftari. "Wewe mwanangu unasoma chuo kikuu," alisema, "hesabu hazitakushinda."

Kwa asiyeijua, gokati ni kigari cha mtu mmoja: fremu ya mabomba ya chuma, kiti, magurudumu manne madogo, na injini kando ya kiti. Cha kwanza kilitengenezwa California mwaka 1956 na Art Ingels, fundi wa magari ya mashindano, kwa kutumia injini ya mashine ya kukatia nyasi. Vyetu havijaenda mbali sana na hapo. Tunatumia injini ya silinda moja yenye ujazo wa sentimita 196, ileile inayouzwa mjini kwa ajili ya pampu za maji. Nimewahi kumwona mzee mmoja mkulima akiikagua kwa makini injini ya gari lililoshinda, kisha akauliza inavuta maji kutoka kina gani.

Kigari hiki hakina springi wala difu. Magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja, yanazunguka sawasawa yakitaka yasitake. Kwenye kona hilo ni balaa, maana gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Dawa yake ni gurudumu la ndani kunyanyuka kidogo kutoka ardhini, na kinacholinyanyua ni usukani, kupinda kwa fremu, na namna uzito ulivyokaa. Ndiyo maana katika mchezo huu watu huzungumza habari za kilo kama wauza nyama. Dereva mwepesi huchomoka kwenye kona haraka kuliko mzito, injini zikiwa sawa. Ili asimwonee mwenzake, mwepesi hufungiwa risasi.

Nieleze hiyo risasi, kwa kuwa iliwahi kuniletea shida langoni. Ni risasi ya madini, si ya bunduki. Tunakusanya vile vipande vinavyobandikwa kwenye rimu wakati wa kubalansi magurudumu, fundi wetu anaviyeyusha na kumimina kwenye kalibu, tunapata vibao vya kilo tano tano. Risasi huyeyuka kwa nyuzi joto 327, kwa hiyo jiko la mkaa na mvukuto vinatosha. Moshi wake ni sumu, basi kazi hufanyika nje, nasi tunasimama upande unakotoka upepo. Siku moja askari wa langoni aliomba kuliona daftari langu. Polisi wa Uganda wanakijua Kiswahili kuliko raia wengi. Alisoma "risasi kilo 15", akasoma tena, akamwita mwenzake.

Watu hudhani kuendesha klabu ni kuendesha magari. Pesa yetu kubwa huenda kwenye gari la wagonjwa. Bila hilo hakuna mbio, na likiondoka na mtu tunasimama hadi lirudi. Kisha kuna petroli, na kodi ya uwanja, ambao kwa siku nyingine ni maegesho ya malori ya ghala. Jirani yetu ni kanisa. Tumeelewana kwamba injini haziwaki kabla ya saa saba mchana, na mchungaji hutuazima viti. Mimi hukagua pia nywele. Ekseli inazunguka nyuma ya mgongo wa dereva, na skafu au misuko mirefu ikinaswa pale hakuna breki itakayowahi. Awe msichana au kijana wa rasta, nywele zote ziingie ndani ya kofia na ndani ya kola ndipo namruhusu. Wenzangu wana picha za Lewis Hamilton kwenye simu zao. Mimi aliyenivutia zaidi ni Rolf, baba yake Michael Schumacher, aliyetunza kiwanja cha gokati huko Kerpen, Ujerumani, huku mkewe akihudumia kantini. Yale matairi hayajipangi yenyewe.

Sasa nije kwa kijana ninayetaka kusimulia habari zake. Aliletwa na fundi wetu. Fundi ni mzee wa Bukavu mwenye gereji Katwe, penye kelele za nyundo kutwa nzima; mimi huniita Mwalimu, kwa sababu anaona ni mzaha mkubwa mtu kwenda chuo kikuu kusomea lugha ambayo yeye alipewa bure na mama yake. Kijana alikuwa mwanagenzi wake, mwenye umri wa miaka 17. Kiingilio hakuwa nacho, alilipa kwa kuosha magari ya wengine. Alikuwa na sikio: aliweza kusimama amelipa gari kisogo na kukuambia cheni yake imelegea. Akiwa na kofia na viatu alikuwa na kilo 54. Gari lake lilikuwa na 88. Ongeza vibao vitatu vya risasi, unapata 157, mbili za ziada kwa ajili ya petroli inayoungua njiani.

Mbio za mwisho wa msimu zilikuwa na zawadi. Mshindi angepelekwa Nairobi siku mbili kuendesha kwenye kiwanja halisi cha gokati, basi na chakula juu ya klabu. Kwa wengine katika klabu Nairobi ni mahali pa kwenda likizo. Kijana huyu hakuwa amewahi kuvuka mpaka wowote.

Jumamosi jioni fundi alikwenda soko la Kisekka kutafuta cheni, akamwachia kijana kazi ya kufunga risasi. Mikono yake ilikuwa imejaa grisi, nami napenda kushika spana, nikamwambia asogee. Sheria yetu ni bolti mbili kwa kila kibao, na kila bolti iwe na nati ya kujikaza isiyofunguka kwa mtikisiko. Vibao vitatu, nati sita. Nilikuwa na nati tano. Giza lilikuwa limeingia, umeme hakuna, kijana amenishikia tochi ya simu. Kibao cha tatu nikakifunga kwa bolti moja.

"Kesho asubuhi nitaongeza," nilimwambia.

"Sawa, dada."

Kesho yake gari la wagonjwa lilichelewa, viti vya kanisani vilikuwa pungufu, na mtu mmoja alitaka kurudishiwa kiingilio chake. Karatasi ya ukaguzi wa magari ilikuwa mkononi mwangu. Nilipofika penye neno "risasi" sikuinama kutazama. Niliifunga mwenyewe, niikague ya nini? Nikatia alama.

Aliendesha vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Alianza wa nne. Kufika mzunguko wa 11 alikuwa wa pili, na kwenye mzunguko wa 17 alimpita aliyeongoza, mtoto wa mfanyabiashara mmoja, kwenye ile kona ya ghala ambako sote tunaogopa. Bendera ya miraba ilipopepea, fundi alikuwa amevua kofia yake na kuikanyaga kwa furaha.

Kwenye mizani alisoma 151.8.

Nikamshusha. Nikairudisha mizani kwenye sifuri, nikapanda mwenyewe, maana uzito wangu naujua, nikashuka. Nikampandisha tena yeye na gari lake. 151.8.

Kibao kililetwa na mshika bendera wa kona ya pili, amekipakata kama mtoto. Risasi ni laini; bila kipande kipana cha bati chini ya kichwa cha bolti, na bila bolti ya pili ya kukizuia kisicheze, tundu lilikuwa limepanuka taratibu mpaka kibao kikachomoka. Bolti yenyewe ilibaki kwenye kiti, nati yake imekaza kabisa. Tundu la pili lilikuwa safi, halijawahi kuona bolti. Kilo tano za risasi zilikuwa zimelala njiani, na magari sita yalipita hapo kwa kasi. Hadi leo sipendi kulifikiria gurudumu la mbele la mmoja wao likikutana nazo.

Fundi alikigeuza kile kibao mikononi. "Bolti moja?" alimwambia kijana mbele ya watu wote. "Mimi nilikufundisha nini?"

Kijana alinitazama mara moja tu, kisha akatazama chini. "Nisamehe, fundi."

Mwenyekiti alisoma sheria kwa sauti. Mimi nikaandika kwenye daftari: imefutwa. Nikitazama ukurasa ule sasa, mwandiko wangu ni mzuri, haukutetemeka hata kidogo.

Nilijiambia kwamba hata nikisema, kilo hazitaongezeka. Hilo lilikuwa kweli, na kwa sababu lilikuwa kweli lilinifaa sana. Nilikaa nalo siku tisa. Siku ya tisa binamu yangu akaniambia, kama habari ya kawaida tu, kwamba fundi amemwondoa kijana kwenye kazi ya injini na kumrudisha kuosha vipuri kwa petroli, kazi aliyoanza nayo miaka miwili nyuma.

Nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti. Alinisikiliza akiwa anahesabu plagi. Matokeo hayabadiliki, alisema. Sheria inauliza gari lina kilo ngapi, haiulizi nani alishika spana. Halafu akaniuliza, "Fundi umemwambia?" Nikasema bado. "Basi hapa umekuja kufanya nini?"

Katwe nilimkuta fundi anapiga tupa. Nilisema mbele ya wanagenzi wote, kwa kuwa kijana aliaibishwa mbele ya watu. Fundi aliendelea na tupa yake hadi nikamaliza. Kisha akamgeukia kijana.

"Ulijua?"

"Nilishika tochi."

"Mbona hukusema?"

Kijana alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Dada ndiye anayenipima kila Jumapili," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata kwa matusi. Kwa neno hilo sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nikijiona mtu wa daftari, msichana aliyeshindwa kuendesha akapewa kazi ya kuandika namba. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuna mtu ananiogopa.

Mtoto wa mfanyabiashara alikwenda Nairobi, na alistahili. Ni dereva mzuri. Mwenyekiti aliniondoa kwenye ukaguzi kwa msimu mzima, akaniachia mizani, na sasa aliyefunga kitu hatii sahihi ya kukikagua. Fundi alimrudisha kijana kwenye injini juma lilelile. Mimi alinichelewesha: kwa miezi miwili nilikuwa "wewe", kabla sijawa tena Mwalimu.

Siku hizi kijana hufunga risasi yake mwenyewe kila Jumamosi. Akimaliza hulala chali chini ya kiti, anazigusa nati kwa kidole moja baada ya nyingine na kuhesabu kwa sauti, moja hadi sita. Tochi nashika mimi.