Pikipiki yake, jina la mwingine

Goma, Kivu ya Kaskazini. Mwishoni mwa Oktoba 2022, vita vilipofika Kiwanja, wilayani Rutshuru, baba mmoja wa watoto watano alipakia bibi yake, watoto wawili wadogo na godoro juu ya pikipiki, akashika njia ya Goma. Watoto wakubwa walifuata kwa miguu pamoja na shangazi yao. Walipokutana tena Kanyaruchinya, hawakuwa na shamba wala nyumba wala mbuzi. Walikuwa na ile pikipiki. Ndiyo iliyowalisha: asubuhi baba anashuka mjini kufanya teksi-moto, jioni anarudi na unga na makala.

Pikipiki hiyo aliinunua 2021 kwa jirani yake, fundi wa mbao, kwa dola 750, akalipa kwa mafungu mawili. Jirani alimpa ufunguo na karte roze, ile karatasi ya umiliki, ikiwa na jina la muuzaji. Hawakuandika kitu. “Tunachota maji kwa bomba moja, karatasi ya kazi gani?” jirani alisema, wakacheka. Na kweli, pale Kiwanja avenyu nzima ilijua pikipiki ni ya nani.

Goma hakuna aliyejua. Siku moja ya Machi 2023 alisimamishwa kwenye njia panda. Alitoa karatasi zote bila woga.

“Papa, hii jina si yako.”

“Niliinunua, mkubwa.”

“Karatasi ya kununua iko wapi?”

Hakuwa nayo. Pikipiki ikapelekwa kwenye uwanja ambapo kila usiku unahesabiwa kwa franga. Aliambiwa aje na mwenye jina, ama alete barua ya mauzo yenye muhuri. Siku hiyo alipanda Kanyaruchinya kwa miguu, mikono mitupu.

Kesho yake kijana mmoja alimfuata akamwambia kwa dola 40 angemtengenezea karte roze yenye jina lake, hata kabla ya jioni. Bibi yake aliuliza swali moja tu: “Tutakula nini mpaka hiyo barua ipatikane?” Alikosa jibu. Lakini alikataa. Pikipiki yake haikuwa ya wizi, na karatasi ya uongo ingeifanya ifanane na ya wizi.

Alikwenda kwa mzee mmoja wa chama cha madereva wa teksi-moto. Mzee hakuanza na pesa. Alimwambia kwanza arudi uwanjani, asugue chuma chini ya usukani, asome nambari ya shasi na kuilinganisha na ile ya karte roze, herufi kwa herufi. Zikitofautiana, kesi inageuka. Zililingana. Ndipo mzee akasema: “Sasa tafuta mtu wako.”

Watu wa Kiwanja walikuwa wametawanyika. Wengine walikuwa Kanyaruchinya, wengine Kibati, wengine walivuka Bunagana kuingia Uganda. Mama mmoja aliyeimba zamani na bibi ya yule fundi ndiye aliyekuwa na nambari ya simu. Fundi alikuwa Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda.

Simu ya kwanza haikwenda vizuri. Fundi alidhani anadaiwa. Kisha akaogopa: “Ndugu yangu, mimi ni mkimbizi. Sitaki jina langu liingie katika mambo ya polisi.”

“Limeshaingia,” baba akamjibu. “Nikigonga mtu leo, karatasi itasema pikipiki ni yako.”

Fundi alinyamaza kidogo. “Basi hilo jina litoke.”

Aliandika kwa mkono wake, nakala mbili: majina ya muuzaji na mnunuzi, aina ya pikipiki, nambari ya shasi na ya injini, bei, mwaka wa kuuziana, na kwamba pesa yote ilishalipwa. Watu wawili wa Kiwanja walio Nakivale, waliokuwepo siku ya malipo, walitia sahihi. Akaambatanisha nakala ya kadi yake ya mpiga kura. Picha ilifika kwa simu siku hiyohiyo, lakini picha haikutosha, ilitakiwa karatasi yenyewe. Mama mchuuzi aliibeba kupitia Kisoro, Cyanika na Musanze hadi Gisenyi, akavuka nayo mpaka.

Komini ilitia muhuri. Deni la uwanja lililipwa na mchango wa madereva wenzake, pamoja na vitenge viwili ambavyo bibi yake aliuza. Pikipiki ilitoka baada ya siku 23, betri imekufa, ikasukumwa.

Mambo hayakuishia hapo. Karte roze ilikuwa bado na jina la fundi, kwa sababu kubadilisha jina kwenye ofisi ya kodi kulihitaji pesa ambayo hakuwa nayo kwa mara moja. Kila Jumamosi aliweka kidogo. Barua yenye muhuri ilikaa pamoja na karte roze ndani ya mfuko wa nailoni, na nakala ya pili ilikuwa kwa dada yake mjini. Hakutaka karatasi zote zilale chini ya hema moja.

Hapo kambini watu walikuwa wakiuziana vitu kila siku: simu, cherehani, baiskeli, hata viwanja walivyoviacha kule nyumbani. Wengi walipita kwanza kwake kuuliza. Aliwaambia waandike siku ileile ya kulipa, nambari ya kitu iingie, mashahidi wawe wawili, na kila mmoja abaki na nakala yake. Waliposema wanajuana tangu utoto, aliwajibu kwamba hata yeye na fundi walikuwa wanajuana.