Unakwenda kwa nani?

Nilifika Friern Barnet, kaskazini mwa London, kwa sababu ya kitabu. Barbara Taylor, mwanahistoria, aliandika The Last Asylum (2014) kuhusu maisha yake akiwa mgonjwa katika hospitali ya Friern miaka ya themanini. Nilikimaliza kwa siku mbili, na muda wote nilikuwa namfikiria mjomba.

Jiwe la msingi liliwekwa na Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, mwaka 1849. Wagonjwa wakaanza kuingia 1851. Enzi hizo paliitwa Colney Hatch, na jina likageuka tusi: ukimwambia mtu wa London anastahili Colney Hatch, umemwita kichaa. Korido yake ilikuwa na urefu wa zaidi ya nusu kilomita. Hebu fikiria kuitembea kila siku, miaka ishirini. Mwaka 1903 moto uliteketeza jengo la muda la mbao, wakafa wanawake zaidi ya 50. Hospitali ilifungwa 1993, na sasa hivi ni nyumba za watu wenye fedha zao. Hata jina limebadilishwa, eti Princess Park Manor.

Nilishuka New Southgate, nikatembea mpaka getini. Ng'ambo ya nyasi niliona kuba na madirisha mengi, mazuri kweli, kama kasri. Mlinzi akaniuliza kwa upole, "Unakwenda kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Ni swali la kawaida, la hospitali yoyote saa ya kuona wagonjwa. Ila mimi sikuwahi kuulizwa.

Mjomba ndiye aliyenifundisha kusoma gazeti kwa sauti, nikiwa darasa la pili. Alipopelekwa hospitali tuliambiwa amesafiri. Nilipojua ukweli nilikuwa chuo kikuu, na bado sikwenda, ingawa basi lilikuwa la saa nne tu. Nilikuwa na mitihani, halafu nikapata kazi, halafu akafa. Baadaye niliandika makala ndefu kuhusu afya ya akili, nikasifiwa sana, na mjomba simo nilimomtaja.

Taylor hasemi kwamba Friern ilikuwa pazuri. Palikuwa pachafu, anasema, na pa kutisha. Lakini alipata marafiki mle, na anauliza watu wa namna yake wanakwenda wapi siku hizi. Neno lile la Kiingereza kwenye jina la kitabu chake ndilo wanalotumia kwa mkimbizi anayeomba hifadhi. Sisi nyumba kama hizi tuliziita za vichaa tu, basi.

Nikamwambia mlinzi nimepotea njia. Stesheni nikamwandikia mama: mjomba alilazwa wodi gani?

Akajibu haraka: "Kwa nini unauliza leo?"

Treni ilifika sijamjibu.