Kilichotoka Majanini

Ndugu msomaji, kama unayo pikipiki, au mwanao ndiye aiendeshaye, keti kidogo nikusimulie aibu yangu.

Mimi ni karani wa parokia hapa Nkowe. Mwaka jana nilikuwa nikirudi kutoka Ruangwa, yapata saa mbili usiku, nimempakia mzee wetu katekista. Mzee akaniambia, "Mwanangu, punguza, hapa wanyama hukatiza." Nikamjibu, "Mwalimu, njia hii naijua." Kabla sijafunga kinywa, nguruwe mwitu akatoka majanini. Mimi nilichubuka tu. Mzee alivunjika mguu, na hata leo anatembelea mkongojo.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuulizauliza wenzetu hufanyaje. Kumbe Uswisi, toka mwaka 1993, waliweka kando ya barabara mitambo yenye kuhisi joto la mwili wa mnyama, hata gizani. Mnyama akikaribia, taa huwaka kwenye kibao, dereva akajua mbele kuna kitu. Iko na namna nyingine: nguzo hii humulika nguzo ile kwa mwali usioonekana kwa macho, na mnyama akiukata, taa huwaka. Ila majani marefu nayo huukata mwali, basi taa ikawaka bure. Na dereva akidanganywa mara tatu, ya nne haitazami tena. Tena mtambo haushiki breki. Usiku ule mimi nilikuwa na mtambo wangu nyuma ya mgongo, unasema Kiswahili safi, nikaupuuza.

Hapa kwetu Tanzania, barabara kuu iendayo Zambia hupasua Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Mle mwendo umewekewa mpaka: kilomita 70 kwa saa mchana, 50 usiku, na matuta juu yake, anayegonga mnyama hutozwa faini. Wakenya nao, mwaka 2010, waliwachimbia tembo wa Mlima Kenya njia chini ya barabara ya Nanyuki hadi Meru, na tembo wakaikubali.

Sisi huku hatuna kibao wala taa. Tembo tunao, wala sina haja ya kukueleza wewe uliyekesha ukilinda shamba. Na palipo na lami vijana hukimbia kuliko zamani, nami nilikuwa mmoja wao.

Juzi mzee alitakiwa hospitali. Nilitaka kumtafutia gari, akakataa, akasema twende kwa pikipiki yangu, ila turudi jua lingalipo. Tulichelewa kidogo, giza likatukuta njiani. Tulipokaribia pale pale, akanigusa bega, asiseme neno. Nikapunguza.