Masumbwe: kilabu kisicho na kibao

Safari hii, msomaji wangu, sikwenda Bagamoyo wala Zanzibar. Nilipanda basi Kahama nikashuka Masumbwe, kwenye barabara ile ya malori ya Rwanda na Burundi. Zamani ilikuwa Shinyanga. Tangu 2012 ni Mkoa wa Geita, Wilaya ya Mbogwe. Wachimba dhahabu kibao, baa nazo zinashindana kwa muziki.

Mimi baa sikuitaka. Nilitafuta kilabu alichokuwa akinywa marehemu babu, mimi nikimsubiri nje na karanga zangu mkononi. Nikamuuliza kijana wa bodaboda kinaitwaje. Akacheka.

"Kinaitwa kilabu, braza. Panda twende."

Kweli, kibao hakuna. Kuna mabenchi, pipa na kopo moja linalozunguka mkono hadi mkono.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kaa."

Jina lenyewe lina kisa. Enzi za mkoloni, Wazungu walikuwa na klabu zao mjini. Mwafrika aliingia kubeba sinia tu. Basi wazee wetu wakalichukua jina lilelile wakalibandika penye mtungi wao. Kiswahili nacho kikamaliza kazi: kilabu, vilabu, kama kiti na viti. Nani leo anakumbuka kwamba neno lilikuja na meli?

Bibi alinionyesha leseni yake, maana Sheria ya Vileo ya 1968 inaitaka hata kwa pombe ya kienyeji. Kisha akanieleza kazi: mtama uloweke, uuache uote, uuanike, uusage, uupike, halafu usubiri uchachuke. Siku nyingi, jasho jingi. Wanawe wote wamesoma kwa mtungi huo.

Sasa wateja wamebaki wazee. Vijana wenye mshiko wanataka chupa ya baridi. Kuna tajiri anakitaka kiwanja; atajenga baa, na jina la Kizungu keshalichagua.

"Utauza, bibi?"

"Magoti haya yatanisongea pombe mpaka lini?"

Sikuwa na jibu. Nami mjini napiga ulabu wa chupa kama wenzangu, kilabuni sijakanyaga miaka. Babu na rika lake waliwapokonya Wazungu jina. Sisi tunawarudishia, na kiwanja juu.

Nilipokea kopo, nikanywa, nikapitisha kwa mzee wa kulia. Chachu kidogo, lakini tamu. Ukipita Masumbwe usitafute kibao. Uliza kilabu, na ufanye haraka.