Nambari Moja, Tarakimu 21

Chukua 2 sitini na saba, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1. Utapata 147,573,952,589,676,412,927. Nimeiandika nyuma ya bahasha ya barua kutoka chuo nilichoacha nikiwa mwaka wa tatu, na kwa wiki mbili sasa naitazama kila stima inaporudi.

Mwaka 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliiweka kwenye orodha ya nambari tasa: zile zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe. (Sijui nani alichagua neno tasa. Kwetu ni neno la kunong'onezwa nyuma ya mwanamke harusini.) Alikosea. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba inagawika. Lakini hakuonyesha hata nambari moja inayoigawa. Njia yake ilikuwa ya kupima tu, sio ya kutafuta: inakwambia hii si tasa, basi, inakuachia hapo.

Mimi hapo ndipo niliponasa.

Watu huwa nawaambia niliacha shule sababu ya karo. Inaeleweka haraka, hakuna anayeuliza la pili. Shida ni kwamba siwezi kumwambia mama hivyo, kwa maana karo alilipa yeye, mpaka ya muhula ambao sikufanya mtihani. Yeye huuliza, "Lakini nini hasa, baba?" Nami najua kuna kitu kilivunjika, ningeapa. Nikitafuta ni kipi, sipati.

Baada ya Lucas ilipita miaka 27. Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati jijini New York, Frank Nelson Cole alienda ubaoni. Inasimuliwa kwamba hakusema neno. Upande mmoja alikokotoa ile nambari ya Mersenne. Upande wa pili akaandika 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha kwa mkono, pande zote mbili zikalingana. Akarudi kukaa, watu wakapiga makofi. Alipoulizwa ilimchukua muda gani, inasemekana alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Simu yangu inagawanya nambari hiyo kabla sijameza mate. Ila Jumapili iliyopita nilitaka kuifanya kwa kalamu, nione. Ni mistari tisa, mmoja sufuri tupu, halafu unajumlisha. Nilikuwa mstari wa sita mama alipopiga.

"Umekula?"

"Nimekula."

Kimya. Nilimsikia akifunga mlango wa jikoni, redio ikapungua sauti. Alijua ninachofikiria, ama labda yeye ndiye aliyekuwa akikifikiria.

"Mama, haikuwa masomo," nikasema. "Hicho nishakitoa. Na haikuwa wewe."

"Haya," akasema. "Endelea."

Nikageuza bahasha, nikaanza kumweleza kuhusu ule muhula, kuanzia wiki ya kwanza.