Hii p ni ya nani? Alama ndogo inayosumbua korali za Lubumbashi

Katika korali nyingi za hapa Lubumbashi, daftari la noti linaanza kuachia kompyuta nafasi. Wanaonakili nyimbo wanapenda MuseScore, kwa sababu ni programu ya bure na ikishaingizwa kwenye mashine inafanya kazi hata bila intaneti. Noti zinatoka zimepangwa vizuri na maneno yanasomeka hata kwenye fotokopi ya fotokopi. Lakini kuna jambo moja dogo ambalo mashine haijawamalizia: mahali pa kuweka nyuansi.

Nyuansi ni zile alama za nguvu ya sauti. Herufi p inaomba sauti ya chini, f inaomba nguvu, mf iko katikati yao. Kuna pia ile mistari miwili inayofunguka sauti ikipanda na kufungana sauti ikishuka. Waimbaji wanazijua alama hizi. Shida ni kujua zinamwamuru nani.

Korali moja ya mtaa iliona shida hiyo kwenye wimbo wa mazishi. Kijana anayenakili alikuwa ameandika soprano na alto kwenye mistari mitano ya juu, tenori na basi kwenye mistari mitano ya chini, na maneno katikati. Hapo katikati, kwenye maneno, akaweka p moja. Siku ya mazoezi, tenori na basi waliiona juu ya mistari yao, wakashusha sauti. Soprano na alto walitazama juu ya mistari yao, hawakuona kitu, wakaendelea kwa nguvu. Wimbo wa kufariji wafiwa ukageuka kelele za upande mmoja.

“Papa Maestro, hii p ni ya nani?” mama mmoja wa alto aliuliza.

“Ni ya wote, mama. Lakini karatasi haikusema hivyo.”

Kijana hakuwa mjinga. Alifuata desturi ya kinanda. Kwa kinanda, nyuansi inakaa katikati ya mistari ya mkono wa kuume na ya mkono wa kushoto, kwa sababu mpigaji ni mtu mmoja na amri ni moja kwa mikono yote miwili. Mikono ikitofautiana, kila mmoja unapewa alama yake: ya mkono wa kuume juu ya mistari yake, ya mkono wa kushoto chini ya mistari yake. Kwa chombo chenye mistari mitano peke yake, kama filimbi ao tarumbeta, alama inakaa chini.

Kwa waimbaji ni kinyume: maneno yako chini ya noti, basi nyuansi inapanda juu, isije ikagongana nayo. Na pale ambapo sauti nne zinabanwa kwenye mafungu mawili ya mistari huku maneno yakiwa katikati, njia iliyo wazi ni kuweka alama ya soprano na alto juu kabisa, na ya tenori na basi chini kabisa. Ndiyo, p inaandikwa mara mbili. Wino kidogo unaongezeka, lakini hakuna anayebaki akijiuliza.

Programu inasaidia katika hayo. Ukichagua alama na kugusa herufi X, inaruka kutoka juu kwenda chini ya mistari, ao kurudi. Kwa kinanda, matoleo ya karibuni yanaweza kuiweka yenyewe katikati kabisa ya mafungu mawili. Unaweza pia kuiambia kama alama inahusu chombo kizima, mistari hiyo mitano tu, ao sauti moja, na hiyo inabadilisha namna mashine inavyoupiga wimbo. Ila mashine haijui kama mtungaji alitaka basi wanyamaze kidogo ili tenori asikike. Hilo linajulikana na mtungaji peke yake.

Na hapo ndipo kazi ya korali ile imekuwa ya haraka. Mtungaji wa nyimbo zao nyingi ni Papa Maestro mwenyewe. Madaftari yake manne yameandikwa kwa do-re-mi, kwa kalamu, na nyuansi ni chache sana. Miaka yote alizionyesha kwa mkono: kiganja kikishuka, korali nzima inashuka. Sasa mkono wa kuume umeanza kutetemeka, na waimbaji wapya hawaelewi tena kama anaomba sauti ishuke ao ni ugonjwa.

Katanga inajua kuimba bila karatasi. Missa Luba, iliyozaliwa Kamina kwa Padri Guido Haazen na kurekodiwa mwaka 1958, iliimbwa kwanza kwa masikio na kumbukumbu. Noti ziliandikwa baadaye. Bila noti hizo, korali za nchi za mbali zisingeweza kuiimba.

Kwa hiyo kila Alhamisi, kama umeme upo, kijana anakaa na mzee na kupitia wimbo mmoja. Anauliza mambo matatu kwa kila mstari: hapa sauti ni ya nguvu ao ya chini, ni ya nani, na inaishia wapi? Mara nyingine mzee anajibu kwa kuimba. Mara nyingine anafumba macho kwa muda, halafu anasema amesahau, na mahali hapo panabaki bila alama.

Daftari la kwanza limekwisha. Bado matatu.